Nani Amempa Mgeni Maji?

Mwanamume akitaka kukuacha, na akuache. Asikutumie ua.

Mimi nilitumiwa. Mwezi mzima simu yangu haikuona salamu ya Fundi, wala samahani, wala hata ile "upo?" ya kivivu wanayotuma wanaume wakiwa hawana la kusema. Halafu asubuhi moja, nimeshavaa, nimeshika mkoba niende kazini, akabisha hodi mtu wa vifurushi na boksi refu lililobonyea upande mmoja. Jina langu limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa. Nikatia sahihi nikidhani ni fremu za miwani, maana dukani ninapokata lenzi tunaagiza za kila namna, na mara nyingine wanakosea wanazileta nyumbani.

Baba alifika kabla sijapata kisu. Baba ni mstaafu wa posta, na mpaka leo boksi haliwezi kufunguliwa ndani ya nyumba hii bila yeye kulizunguka kwanza. Alitazama palipobonyea, akatazama mishale ya kuonyesha upande wa juu, akasema limesafirishwa kichwa chini miguu juu, na kwamba enzi zake aliyefanya hivyo angeitwa ofisini. Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kitambaa cha kufutia vyombo. Mdogo wangu, kitindamimba asiyepitwa na jambo, alikuwa ameshakaa kitako sakafuni.

Tukafungua. Magazeti, magazeti tena, halafu mfuko, na ndani ya mfuko kitu kama mboga iliyosahauliwa kwenye gari. Majani machache ya kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi, laini kama mahameli, yenye mishipa myeupe, na yote yamelala. Moja limevunjika shingo. Mizizi imefungwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi, mingine mikavu, mingine imekatika. Udongo hakuna. Neno la salamu hakuna.

Lakini lile ua nililijua. Nililiona mara ya kwanza kwenye ukumbi wa hoteli moja, siku niliyompelekea Fundi miwani yake mipya akiwa huko anatengeneza lifti. Nilisimama mbele ya yale majani nikasahau kilichonipeleka. Nikamwambia Fundi kwamba siku nikiwa na nyumba yangu nitaweka kama hili karibu na mlango, na yeye akacheka tu, akajaribu miwani. Kumbe hakuishia kucheka. Aliliagiza kutoka nchi za mbali huko wakati tukiwa bado tunaitana mpenzi, nalo likachukua muda wake njiani, likafika sisi tumeshageuka wageni.

Sasa niambie, mwenzangu, nani asingepandwa na hasira?

Namna tulivyoachana yenyewe ni kichekesho. Mama hakuwa na neno baya juu ya kazi ya Fundi, wala ukoo wake, wala tabia zake. Neno lake lilikuwa moja tu, kwamba Fundi ni mdogo kwangu. Siku aliyokuja kujitambulisha, Mama alimuuliza amezaliwa lini kabla hata hajamkaribisha kiti. Alipotajiwa akahesabu kwa vidole, vidole vya mkono mmoja vikaisha, akamwambia kwa ule upole wake unaouma kuliko kofi kwamba binti yake anatafuta mume, hatafuti wa kulea. Tangu hapo jina lake humu ndani likawa Yule Mtoto. Fundi alinyanyuka, akaaga kwa adabu, nikamsindikiza mpaka getini. Aliniambia nisijali, atarudi. Nikaamini. Aliyerudi ni boksi.

Nilimpigia simu nikiwa bado nimesimama juu ya magazeti. Alipokea hapo hapo, na hilo nalo likaniudhi, kumbe simu yake haikuwa mbovu.

"Njoo uchukue mzoga wako," nikamwambia.

"Limefika?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mkewe amejifungua salama. "Usilitie maji. Usiliweke juani. Usilifanye chochote mpaka nifike."

Nikakata simu. Mwezi mzima hana neno, halafu neno lake la kwanza kwangu ni kunikataza.

Alikuja jioni akitoka kazini, ndani ya ovaroli yake ya buluu, grisi mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimejiapiza sitamtazama usoni. Nikamtazama. Alikuwa amekonda, na ile miwani niliyomtengenezea kwa mikono yangu ilikuwa inamteleza puani, nikataka kumvua niikaze, kisha nikajikumbusha kwamba miwani yake si shughuli yangu tena.

Mama alijaa mlangoni. Fundi alimwamkia, Mama akaitikia kwa shida. Alipoinama kufungua kamba za viatu, Mama akamsimamisha. Akasema baraza inatosha, na viatu abaki navyo. "Mtu akivua viatu kwenye nyumba ya watu amekuja kukaa," alisema. "Wewe umekuja kuangalia jani."

Basi nikamtolea lile ua nje, nikamshikia chini ya pua kama kielelezo cha mahakamani. Fundi aliligusa kwa mgongo wa kidole, jani baada ya jani. Akasema halijafa. Limekaa gizani muda mrefu, limetikiswa, limepoteza mizizi, na sasa halijui liko wapi. Akasema likisafirishwa tena, hata kwa kupakatwa, ndiyo basi, kwa hiyo hawezi kulichukua. Lilihitaji mwanga bila jua kali, unyevu wa hewa bila maji miguuni, hakuna mbolea, hakuna kuligeuzageuza.

"Linataka kuachwa," akamalizia.

"Hapo umefika mtaalamu," nikamwambia. "Kuacha unakujua."

Akafungua mdomo, akatazama nilipo, akatazama alipo Mama, akaufunga. Nilidhani ameona haya. Ningejua kilichokuwa kimemfunga mdomo siku ile, ningempiga na boksi.

Tulilipanda pale pale barazani, mimi na yeye, bila kusemezana zaidi ya nipe na shika. Hakutumia udongo. Alijaza chungu vipande vya makumbi na vipande vya mkaa, akaufunika mmea kwa mfuko mweupe unaoonyesha ndani, wenye matundu ya kupumulia. Tukauweka ndani kwenye ukingo wa dirisha la sebuleni, ambako paa la baraza linakinga jua. Akanionyesha namna ya kuzamisha kidole kwenye chungu. Kidole kikitoka na unyevu, hakuna maji. Mpaka kitoke kikavu.

Mama alipoambiwa kwamba ua litabaki, alilitazama muda mrefu. Akasema ua halijamkosea mtu. Lakini Yule Mtoto ataliona Jumamosi tu, kupitia dirishani, akiwa upande wa nje. Na viatu vyake.

Kitindamimba ndiye aliyelibatiza. Kwa kuwa limekuja kutoka mbali na halijulikani litakaa mpaka lini, akaliita Mgeni, na jina likaganda.

Jumamosi ya kwanza Fundi alikuja amenyoa, amevaa shati la pasi, akasimama barazani kama mtu aliyekuja kulipia umeme. Mimi ndani, yeye nje, katikati yetu nondo za dirisha na Mgeni ndani ya mfuko wake. Mama alikuwa kwenye kochi nyuma yangu anachambua mchele ambao nadhani ulikuwa umeshachambuliwa. Fundi alipitisha mkono kwenye nondo, akazamisha kidole kwenye chungu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaniuliza kama ninampulizia majani ukungu wa maji asubuhi. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nalala vizuri. Nikamwambia hilo halimo kwenye masharti ya ua.

Lakini mkono wake haukutoka upesi. Ulibaki pale juu ya ukingo, karibu na wangu, na mimi sikuuondoa wangu. Hatukugusana. Nilimuona akinitazama kwa juu ya miwani, vile anavyotazama akiwa anajaribu kusoma mtu. Mama akakohoa. Fundi akaaga.

Nitasema kweli. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa nasimama pale dirishani nikimtukana Mgeni. Nilimwambia kwamba yeye na aliyemtuma ni wamoja, wanajua kulegea na kutia watu huruma. Nilimwambia anyooke, aache maigizo. Yote niliyotaka kumwambia Fundi nilimwambia yeye, na yeye angalau alikaa akanisikiliza.

Hakunyooka. Wiki ile majani yalianza kuwa ya njano kuanzia pembeni, shina likawa laini, na ndani ya mfuko kukawa na harufu ya kitambaa kilichokaa na maji. Nilizamisha kidole, kikatoka kimelowa. Nikashangaa, maana mimi sikuwa nimemwagia tone kwenye chungu. Nikajiambia labda ndivyo anavyotoa jasho la safari.

Jumamosi iliyofuata Fundi alifika, akapitisha mkono kwenye nondo, akazamisha kidole. Sura yake ikabadilika. Alikitoa kile kidole polepole na kukinyoosha mbele yangu. Maji yalikuwa yanachuruzika mpaka kwenye kiganja.

"Umempa maji," akasema.

"Sijampa."

"Humu mna maji ya kuoshea vyombo. Yametoka wapi?"

"Nimekwambia sijampa."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, dalili ninayoijua, huwa hivyo akiwa ameumia na hataki ionekane. "Kama humtaki," akasema, "ungeniambia siku ya kwanza. Nisingekulazimisha. Lakini kumuua kidogo kidogo huku unanichekea dirishani, hilo sikulitegemea kwako."

Hapo hasira zilinipanda mpaka nikasikia masikio yanavuma.

"Nani anaua kidogo kidogo?" nikamwambia. "Mimi? Mimi niliyekaa mwezi mzima naitazama simu kama ninaidai uhai? Wewe ndiye uliyesema nisijali. Wewe ndiye uliyesema utarudi. Neno moja la mama yangu likakutosha, ukaenda zako, hata kuniambia umeshindwa hukuniambia. Leo unasimama kwenye baraza letu kuniita muuaji kwa ajili ya jani."

Fundi alimtazama Mama kidogo pale kwenye kochi nyuma yangu, kisha akatazama chini kwenye viatu vyake.

"Sikumpa maji," nikasema tena, sauti imeanza kunisaliti. "Kila siku nimezamisha kidole kama ulivyonionyesha. Sikumpa."

"Basi nani?" akauliza.

Lilikuwa swali la haki. Nikageuka. Nikaita nyumba nzima sebuleni, Baba akaja na gazeti lake, kitindamimba akaja na simu yake, Mama alikuwa tayari yupo. Nikawauliza nani amempa Mgeni maji.

Baba ndiye aliyevunjika kwanza, kwa sababu Baba hawezi kukaa na siri zaidi ya muda wa kupoa chai. Alisema anakunywa vidonge vyake vya presha kila asubuhi akiwa amesimama pale dirishani, na glasi humbakia nusu, basi ile nusu humpa Mgeni. Nikamuuliza hakusikia Fundi aliposema asipewe maji? Alisikia sana. "Lakini kiumbe kimesafiri gizani, kichwa chini," alisema, na uchungu wa kweli usoni. "Tangu lini mtu akafika kwangu kutoka safari nikamnyima maji?"

Nikamgeukia kitindamimba. Naye akaanza kujikuna shingo. Alikuwa akimwagia maji ya kuoshea mchele, jioni, mimi nikiwa bado kazini, kwa sababu aliona mahali kwenye simu yake kwamba yana nguvu. Alitaka siku moja niamke nikute Mgeni amesimama, nifurahi, halafu ndiyo aniambie ni yeye.

Kumbe humu ndani Mgeni alikuwa anakunywa kuliko sisi sote. Nilitaka kucheka na nilitaka kupasua kitu. Nikasema angalau tumejua, ni hao wawili.

"Na mimi," akasema Mama.

Hakuna aliyetikisika. Mama alikuwa amekunja kile kitambaa chake cha vyombo, akakikunjua, akakikunja tena. Mama aliyemnyima Fundi kiti. Mama aliyesema viatu visivuliwe.

Fundi ndiye aliyetuzindua. Alisema kutoka dirishani kwamba mizizi itakuwa inaoza, na kama tunataka kumwokoa ni sasa hivi, na yeye hawezi kuifanya hiyo kazi kupitia kwenye nondo. Tukamtazama Mama wote.

"Ingia," Mama akasema. "Na viatu vyako hivyo hivyo. Hukai."

Akaingia, akakanyaga sakafu ambayo Mama huipiga deki kila siku, akaacha alama, na Mama akaziona akanyamaza. Tulitandika magazeti mezani. Nilileta mkasi na spiriti ya kuufutia. Fundi akamtoa Mgeni kwenye chungu, na ile harufu ikajaa sebule nzima. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, ukigusa inakubakia mkononi. Akaanza kukata. Alikata upande huu, akakata ule, kila akikata anaangalia ndani kama kuna weupe, hakuna, anasogea juu. Kilichobaki kilikuwa kisiki chenye jani moja. Akaweka mkasi chini.

Mimi nikafungua mkoba nikatoa lenzi yangu ya kukuzia, ile ninayotumia kutafuta mikwaruzo kwenye miwani. Nikainama. Fundi akainama. Vichwa vyetu vikagusana, nikasikia harufu yake ya sabuni na grisi isiyotoka hata siku ya mapumziko, na kwa muda nikasahau kwamba ninamchukia. Nilizungusha kile kisiki polepole chini ya lenzi. Chini kabisa ya shingo, palipofichwa na ganda kavu, kulikuwa na ncha nyeupe, ndogo kuliko punje ya mchele.

"Huyu hapa," nikasema.

Fundi akaichukua lenzi, akaangalia, akashusha pumzi. Akasema huo mzizi mmoja unatosha kuanzia, mradi tu aachwe. Akaanza kumpaka unga wa mkaa kwenye vidonda. Na mimi, kwa kuwa mikono yangu sasa haikuwa na kazi, nikamgeukia Mama na kumuuliza kwa nini.

Mama alijibu akitazama magazeti. "Tangu yule mtoto aache kuja, hujacheka humu ndani. Unarudi kazini, unakula, unaingia chumbani. Siku ya boksi ulikasirika mpaka nikafurahi, nikasema bado yupo. Na kila asubuhi nakusikia dirishani unalitukana hili ua. Siku moja nikakusikia umecheka. Nikajiambia, hiki kitu kikifa, mwanangu anarudi kulekule. Ndiyo nikawa napita na kikombe."

Ningeweza kumsamehe palepale, na pengine ningemkumbatia, mambo yangeishia hapo. Lakini kazi yangu ni macho ya watu. Kila siku mtu anakaa mbele yangu namwambia tazama hapa, tazama kule, na najua mtu anapotazama mahali kwa sababu. Fundi alikuwa amemtazama Mama. Na Mama alikuwa amemtazama yeye. Walitazamana kama watu wawili wenye jambo lao, na nikakumbuka alivyomtazama kutoka dirishani, na ule mdomo uliofunguka ukafunga siku ya kwanza barazani.

"Mna nini ninyi wawili?" nikauliza.

Mama akaanza kukikunja tena kile kitambaa.

"Mama?"

"Nilimfuata," Mama akasema. "Siku ya pili yake, kule hotelini kwenye kazi yake. Nikamwomba akae mbali. Nikamwambia kama kweli anampenda mwanangu, amwache apumue, tuone kama atasahau."

Nikamgeukia Fundi. "Na wewe ukakubali."

"Ni mama yako," akasema taratibu. "Alikuja mwenyewe, akanisubiri nishuke kutoka juu kule, akaniomba kama mzazi. Akaniomba na nisikwambie. Ningefanyaje? Nilimheshimu."

"Na mimi nani aliniheshimu?"

Baba alijikohoza, akaona bora asiseme. Na sasa nilielewa kwamba nilikuwa nimelia mwezi mzima kwa jambo lililopangwa na watu wawili ninaowapenda kuliko wote, kila mmoja akiamini ananitendea wema.

Sikupiga kelele. Nadhani ningepiga kelele wangeogopa kidogo. Nilisema polepole, kila mtu asikie.

"Humu ndani hakuna anayeuliza. Baba ameamua Mgeni ana kiu. Huyu ameamua anataka nguvu. Mama ameamua nisahau, halafu ameamua nisisahau. Na wewe, Fundi, umeamua nipumue. Hakuna hata mmoja wenu aliyezamisha kidole kwanza. Mnamwaga tu. Mngeniuliza ningewaambia, mdomo ninao. Mnajua kwamba ninao."

Kisha nikamwambia Fundi amalize anachofanya, aende. Nikamwambia kama ana la kuniuliza, siku yake ni Jumamosi, na aje na swali, asije na maelezo. Nikaingia chumbani. Nilisikia chungu kikirudishwa dirishani, nikasikia viatu vikitoka, na baada ya hapo nikasikia Mama akipiga deki.

Wiki ile nyumba yetu ilitembea kwa ncha za vidole. Baba alikunywa vidonge vyake jikoni, na nusu glasi yake akaimwaga kwenye sinki huku anaitazama kwa huzuni. Kitindamimba alikuja kuniomba ruhusa ya kumpiga Mgeni picha, kwa mbali. Na Mama, ambaye tangu nizaliwe hajawahi kuniuliza kama nina njaa, ananiwekea tu chakula, alisimama mlangoni mwa chumba changu akauliza kama ningependa chai. Nilisema hapana. Akasema sawa, akaondoka. Kesho yake akauliza tena. Nilikuwa bado nimevimba, lakini nilisema ndiyo.

Mgeni alibaki vilevile, kisiki na jani lake moja. Sikumtukana. Nilizamisha kidole kila asubuhi, nikakitoa, nikaenda kazini.

Jumamosi ikafika. Fundi alikuja mapema kuliko kawaida, akasimama barazani, miwani imemteleza puani, mikono haijui ikae wapi. Nilikuwa ndani, upande wangu wa nondo. Alisalimia. Hakuangalia chungu. Akaniangalia mimi.

"Nimekuja kuuliza," akaanza.

"Subiri," akasema Mama.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule, kitambaa begani. Nilidhani sasa yanaanza upya, na damu ikaanza kunichemka. Lakini alikuja mpaka pale dirishani, akasimama upande wangu, si upande wa kunizuia. "Mimi ndiye niliyeanza kukosea," akamwambia Fundi. "Acha mimi nianze kuuliza."

Akanigeukia. Niliona ilivyomgharimu. Mama yangu hana mazoea ya kuuliza jambo ambalo hajui jibu lake.

"Mwanangu," akasema, "huyu unamtaka?"

Nilimtazama Fundi kupitia nondo. Alikuwa amekamata moja kwa mkono, na vidole vyake, vinavyofungua nati juu ya shimo la ghorofa zote zile bila wasiwasi, vilikuwa vimeikaza kama vya anayeogopa kuanguka. Niliona nimechoka kumsema mbele ya ua.

"Namtaka," nikasema. "Na bado nimemkasirikia. Na wewe pia, Mama."

"Hasira endelea nayo," Mama akasema. "Umeitoa kwangu." Akajifuta macho haraka kwa kile kitambaa, akidhani sioni. Kisha akasogeza uso kwenye nondo. "Wewe mtoto."

"Naam, Mama."

"Utasimama hapo na hayo maviatu mpaka lini? Juzi umenichafulia sakafu yote. Vua uingie."

Fundi aliinama. Alichukua muda mrefu kufungua zile kamba, mpaka kitindamimba akaanza kucheka, na mimi nikatoka nikachuchumaa mbele yake nikafungua ya pili mwenyewe, nikaikaza na ile miwani puani pake kwa kuwa sikuweza kuvumilia tena. Alinishika mkono akaung'ang'ania, na tukaingia hivyo, yeye na soksi zake.

Baba alikuwa ameshatoka jikoni. Alikuwa na glasi iliyojaa maji mpaka ukingoni, ameishika kwa mikono yote miwili, lakini hakumpa Fundi. Alisimama katikati ya sebule, akanitazama mimi kwanza.

"Na huyu," akauliza, "naruhusiwa?"